Mtani na Ua la Nta

Kuna watu wakichomeka ardhini kijiti cha kuchokolea meno, kinachipua. Mtani ni mmoja wao. Mimi naweza kununua mmea kwenye bustani za Morogoro, nikaupakata kwenye basi kama mtoto mwenye homa, nikauweka kwenye chungu cha kauri kinachofanana na mapazia, na bado ukafa. Yeye ataokota jani lililoanguka uani kwa watu, atalitupa juu ya kopo la mchanga bila hata kuliangalia mara mbili, na baada ya muda jani litakuwa linatoa watoto. Roho ya kwa nini iliniingia hapo, na sitadanganya kwamba iliniingia kidogo.

Simtaji jina. Pale mtaani kwetu Kilosa wengi walimwita Mama wa Reli, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli. Mimi nilimwita Mtani, maana yeye ni Mnyamwezi na mimi ni Msagara, na watu wetu wanataniana tangu babu zake walipokuwa wakipita milimani kwetu na mizigo vichwani kwenda pwani. Kwa umri ni makamo ya mama yangu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kama inavyopasa, naye akaitikia, "Marahaba, mali yangu," halafu akawaeleza wapita njia kwamba babu yangu alibadilishwa kwa kibuyu cha asali, na kwamba asali yenyewe ilikuwa na nyuki waliokufa. Mtu asiyejua utani angedhani tunagombana. Siku nyingine hata mimi sikujua kama tunataniana au tunagombana, na matatizo yetu yote yalianzia hapo.

Baraza lake lilikuwa ukuta kwa ukuta na langu. Hakuwa na chungu hata kimoja cha dukani. Alipanda kwenye makopo ya rangi, sufuria zilizotoboka, na ile kofia ngumu ya mumewe ya kazini, ambayo aliigeuza juu chini na kuijaza shubiri ndogo zenye madoa meupe. Alikuwa na kakati, ile mimea ya miiba, za duara zenye manyoya kama kifaranga. Alikuwa na mmea wenye majani ya mviringo mfano wa shanga, unaoning'inia kutoka kwenye kapu la zamani la sokoni mpaka chini. Alikuwa na ile mimea yenye majani ya kusimama kama mapanga, ambayo mimi nilinunua mjini kwa majivuno, kumbe jamaa zake wanaota porini ukitoka tu Kilosa, na mbuzi wanaipita bila kuitazama.

Mume wangu, Baba Neema, akitoka kazini alikuwa akisimama kwanza kwenye baraza la Mtani kabla ya kufika kwetu. Jioni moja alikuja akaniambia, kwa moyo safi kabisa, kwamba kukaa pale kunapumzisha macho. Chai yake ilichelewa sana siku hiyo.

Watu wasiofuga maua wanafikiri sisi tunashindana kwa wingi wa vyungu. Hapana. Tunashindana kwa kuombwa mbegu. Huku kwetu hata tawi, hata jani moja, tunaliita mbegu, na siku mtu anaposimama mlangoni kwako akasema naomba mbegu ya hili, amekuheshimu kuliko akikusifu msibani. Mtani aliombwa kila siku. Wanawake wa Chanzuru wakija sokoni walipita kwake. Muuguzi wa zahanati alipita. Katekista wa kanisa letu sisi, si la Mtani maana yeye ni Mwislamu, alipita na baiskeli na kuondoka na kakati kwenye kapu. Na ili kufika kwa Mtani ilibidi wote wapite mbele ya baraza langu, wanisalimie vizuri, waulize hali ya watoto, kisha waendelee.

Niliwahi kujiunga na kundi la WhatsApp la wapenda maua. Nikatuma picha ya mmea wangu mpya, nimeupiga karibu na dirisha ili mwanga uingie vizuri. Jibu la kwanza lilikuwa, "Pole dada, umeanza kuoza lini?"

Basi nieleze alivyokuwa akiulea mmea mpya, kwa sababu hapo ndipo aliponishinda. Alisema mmea mpya ni mgeni. Lakini alikuwa na ugomvi na methali. Alisema sisi tunaosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndio tunaoua maua, kwa kuwa tunaleta mmea nyumbani na papo hapo tunauhamishia chungu kipya, tunautia mbolea, tunauanika juani, tunaukata ncha ili ufanye matawi. Huyo ni mgeni, anasema, hajui choo kiko wapi, na wewe umeshampa jembe. Yeye mmea ukiingia kwake, aliuweka pembeni kwenye kivuli chenye mwanga, ukiwa na mfuko wake ule ule uliokuja nao, akauacha. Maji kidogo sana. Hakuugusa. Aliuacha uitazame nyumba mpaka utoe jani jipya. Jani jipya likitoka, mgeni amekubali kukaa, na hapo tu ndipo alipobadilisha chombo na hapo tu ndipo aliporuhusu mtu akate mbegu. Kabla ya hapo hata ungekuwa mkwe wake usingepewa.

Sasa angekuwa ameniambia hivyo kwa upole, kama mtu mzima anavyomwambia mdogo, pengine ningesikia. Lakini kwangu kila kitu kilipita juu ya ukuta kikiwa kimevaa utani. "Mali yangu, mbona unawaosha wageni miguu mpaka shingoni?" Au, "Wewe na maji, utadhani mto Mkondoa umekuajiri." Mimi nilijua anatutania sisi watu wa Kilosa na mafuriko yetu. Nikamjibu kwamba Wanyamwezi hawajui maji kwa sababu kwao wanaoga kwa kuhesabu matone, na ili kumwonyesha sijaumia nikaongeza kata nyingine. Nina duka la dawa karibu na stendi, nimezoea kuandika kutwa mara tatu, na mimea yangu niliinywesha hivyo hivyo. Ile mimea minene, ya jamii ya shubiri, ina ujanja mbaya: inaoza kuanzia chini huku juu imenawiri. Unaisifu asubuhi, unaigusa mchana, inalala.

Ndiyo hivyo. Ushauri wote niliokuja kuulipia baadaye kwa maua yaliyokufa nilikuwa nimeshapewa bure, ila ulikuja kama tusi.

Nisimfanye malaika, maana watu wakimkumbuka wanamfanya malaika. Alikuwa mwizi. Alihubiri uaminifu kwa watoto wa mtaa mzima, lakini hakuna bustani ya hoteli, ya shule wala ya kanisa aliyotoka bila kitu kwenye fundo la khanga. Tulikwenda harusini Msowero, yeye, mama yangu na mimi, na wakati wengine wanacheza yeye alizunguka nyuma ya nyumba ya bwana harusi. Njiani kurudi alikaa ameshikilia mkoba mapajani, hasemi neno, yeye ambaye hata usingizini anaongea. Tulipofika nyumbani ikajulikana mkoba ulikuwa na vipande vya kakati, na miiba ilikuwa imepita kwenye mkoba, kwenye gauni, mpaka kwenye nyama. Mama alimlaza tumboni… hapana, chali, maana ilikuwa mapaja, akamchomoa miiba kwa kibano cha nyusi. Walicheka wote wawili mpaka mama akakaa chini. Mimi nilishika taa ya simu na sikuona cha kuchekesha.

Alichukia maua ya plastiki, alisema ni maiti waliopakwa rangi. Lakini juu ya televisheni yake kulikuwa na mawaridi ya plastiki, na aliyapangusa vumbi kila Ijumaa. Nilipomuuliza akasema hayo ndiyo pekee humo ndani yasiyomlilia njaa. Mmea ukidhoofika aliung'oa na kuutupa shimoni bila huruma, hata kama alikaa nao miaka. Mama yangu alipoanza kudhoofika alikaa naye kila siku, akamlisha uji, akamgeuza kitandani, na hakuchoka.

Tena hakutaka kushukuriwa. Ukipewa mbegu na Mtani, uondoke kimya. Ukisema asante, mmea haushiki. Watu walitoka pale wamekumbatia makopo yao, wamefumba midomo, wengine wakimtukana kidogo kwa tahadhari. Muuguzi wa zahanati aliwahi kusahau akashukuru, na Mtani akamnyang'anya ile mbegu akampa nyingine.

Nimemtaja mama. Wivu wa maua ulikuwa juu juu tu. Chini yake kulikuwa na huu mwingine.

Mama alikuwa na ua moja. Alikuwa nalo tangu alipokuwa msichana shule ya misheni huko milimani. Alilipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akalitundika kwa waya barazani, na kila alipohama alihama nalo. Ni mmea wa kutambaa, majani yake manene na ya kung'aa, na maua yake hutoka kwa vishada, madogo, meupe yenye waridi katikati, utadhani yamedondoka kutoka kwenye mshumaa. Mama aliliita ua la nta. Alipokuja kukaa kwangu alilitundika kwenye baraza langu, na chini yake ndipo yeye na Mtani walipokaa kila alasiri wakichambua mchele au kupukuchua kunde. Walizungumza kwa sauti ya chini. Nilipotokea walinyamaza, halafu mmoja akaanza habari za mvua.

Kumwagilia lile ua mama alimpa Mtani. Mimi mwanawe, ndani ya nyumba yangu, nilikatazwa kuligusa. Aliniambia, "Wewe una haraka, mwanangu. Hili halitaki haraka." Nilikubali kwa mdomo. Moyoni niliuma meno, na niliendelea kuuma kila nilipomwona mwanamke wa jirani anaingia na kikombe cha maji, analiinua jani moja moja kutazama chini yake, na mama yangu anamtazama kana kwamba anayetazamwa ni yeye mwenyewe.

Mama akafariki. Anayejua misiba ya kwetu anajua watani wakiingia hakuna amri nyingine. Walilala mlangoni jeneza lisitoke. Walivaa nguo za mama wakaigiza alivyokuwa akitembea. Wakakamata vitu, kama desturi ilivyo: mmoja akakamata jembe, mwingine sufuria kubwa ya wali, na wajomba zangu wakavikomboa pale pale, huyu kwa kuku, yule kwa chumvi ya kukunja kwenye karatasi. Kinachotakiwa si thamani. Kinachotakiwa ni mwenye kitu ajitokeze, akubali kuchekwa, atoe chochote, arudishiwe.

Mtani alisimama juu ya kiti, akalishusha ua la nta kwenye waya wake, akajitwika kichwani. Akatoka nalo uani mbele ya waombolezaji wote, analia na kucheka, akisema amekamata, amekamata, mwenyewe aje akomboe. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Shangazi akanigusa kiwiko niende. Ni mimi niliyepaswa, ua lilikuwa la mama na mama alikuwa wangu.

Sikwenda. Nilijiambia amepata alichokuwa akikitaka siku zote, na mimi sitamwomba mtu kitu cha mama yangu. Matanga yalipokwisha, mwanawe wa kiume alikuja kumchukua akakae naye Mikumi, ambako alikuwa amejenga gesti kando ya barabara kuu. Makopo yote yalipakiwa nyuma ya gari. Ua la nta lilikaa mbele, mapajani mwake. Nililiona kupitia dirishani, kwa kuwa sikutoka kuaga.

Baada ya yeye kuondoka maua yangu yalianza kupona. Naona sababu ni kwamba hakukuwa tena na mtu wa kunitania hadi nimwage maji kwa hasira. Niliyaacha makavu, nikawaacha wageni waitazame nyumba. Shubiri zikazaa. Kakati moja ikatoa ua la njano. Siku hiyo niliweka kiti barazani na kusubiri. Mama mmoja wa Chanzuru akapita, akasimama, akatazama sana, na mimi nikainuka kitini. Akauliza, "Hii si ndiyo mbegu ya yule Mama wa Reli?" Wala sikuwa nimeipata kwake.

Habari za Mikumi zilikuwa zikifika. Kwamba gesti ile inajulikana kwa maua kuliko kwa vitanda. Kwamba madereva wa malori wanashusha makopo matupu na kupakia mbegu, zinakwenda Iringa na kuvuka huko mbele. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza sifa za mke mwenza. Kisha muuguzi wa zahanati, aliyelala pale akienda semina, akaniletea jambo jipya. Aliliona ua la nta, akaomba mbegu, na Mtani akamnyima. Alimnyima yeye, na aliwanyima wote waliowahi kuomba. Yule asiyemnyima mtu hata kichaa wa stendi, ua la mama yangu alikuwa amelikumbatia peke yake.

Nilivumilia mengi, hilo sikuweza. Nilifunga duka, nikachukua mkoba wangu kama ulivyokuwa, nikapanda gari la Mikumi. Njia yetu inapita mahali panapoitwa Ulaya, na kila abiria ana mzaha wake wa kwenda Ulaya bila pasipoti. Mimi sikucheka. Nilikuwa napanga maneno.

Gesti iko karibu na barabara kiasi kwamba lori likifunga breki vikombe vinatikisika. Kakati kubwa zimepangwa kwenye madirisha yote, na nikaelewa kwa nini nilipowaona nyani wamekaa juu ya ukuta wa jirani, wanatazama upande huu kwa chuki. Mtani alikuwa kwenye kiti barazani, kipande cha khanga kuukuu mkononi, anapangusa vumbi la malori kwenye jani moja baada ya jingine. Alikuwa amepungua. Miguu ilikuwa imevimba magotini, na fimbo imeegemea ukutani. Hasira zangu hazikuwa zimejiandaa kwa fimbo.

Nikamwamkia. Akaitikia, "Marahaba, mali yangu," bila kushangaa, kana kwamba nilitoka tu dukani. "Ulipotelea Ulaya?"

Aliniongoza chumbani kwake, akijishikilia ukutani. Ua la nta lilikuwa dirishani. Kopo lilikuwa lile lile, limeliwa na kutu mpaka akalikalisha ndani ya ndoo ili lisimwagike. Waya ulikuwa ule ule wa mama. Shina lilikuwa limezunguka nondo za dirisha, likarudi, likazunguka tena, maana halikuwa na pa kwenda na hakuna aliyelikata hata ncha. Lilikuwa limechanua kila mahali, na chumba kilinuka kama baraza langu mama alipokuwa hai.

Nikasema niliyopanga. Kwamba hili ni ua la mama yangu. Kwamba anawanyima watu kitu ambacho si chake. Nilisema na mengine ya zamani, habari za kikombe cha maji.

Akakaa kitandani. Safari hii hakutania, au mimi sikuusikia utani.

"Nimpe nani mbegu ya kitu nilichokamata? Mateka hakatwi, hagawiwi. Anamngoja mwenyewe. Nimelea mateka wa watu mpaka magoti yameisha."

Nikamuuliza kwa nini hakunitumia ujumbe.

"Mtani hadai kwa ujumbe," akasema. "Ulitaka nikubembeleze?"

Akapangusa jani moja lililokuwa safi tayari. Kisha akasema mama ndiye aliyemwagiza. Alimwambia, "Siku nikiondoka likamate, ukimwachia huyu wangu sasa hivi atalizamisha, akishajifunza atalifuata." Nilimtazama usoni kuona kama ananitania. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba walilipanga wawili, chini ya ua lile lile, na mimi nilipotokea wakaanza habari za mvua. Wivu ulinipanda upya, ukiwa na machozi ndani yake.

Nikafungua mkoba kutafuta cha kukombolea. Hapakuwa na kitu ila pakiti ya ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji, iliyobaki kwenye mkoba kutoka dukani. Nikampa kwa mikono miwili.

Aliisoma kwa mbali, akiisogeza na kuirudisha. "Chumvi yenye sukari. Wasagara, hata fidia yenu ni dawa ya kuharisha." Akaifunga kwenye fundo la khanga yake, pale pale alipozoea kuficha mbegu za wizi. "Haya. Limekombolewa."

Tulichukua muda mrefu kulitoa kwenye nondo, yeye akielekeza na mimi nikifungua pindo kwa pindo, pole pole, tawi lisikatike. Alinikaripia mara moja tu. Lilipokuwa lote mikononi mwangu, likining'inia begani mpaka kiunoni, dirisha likabaki tupu na barabara ikaonekana. Mtani alilitazama dirisha. Kisha akainuka, akasimama wima bila fimbo, kama watu walivyokuwa wakisimama mlangoni kwake.

"Mwenye ua," akasema. "Naomba mbegu."

Katika maisha yangu yote nilikuwa sijaombwa. Nilitaka kumpa pale pale, tawi zuri kuliko yote, lenye vishada. Nikajizuia.

"Ndio kwanza linahama nyumba," nikamwambia. "Ni mgeni. Halikatwi mpaka litoe jani jipya. Utakuja Kilosa kulichukua mwenyewe."

"Na magoti haya?"

"Na magoti hayo."

Alicheka mpaka akakaa tena. Akauliza kama basi nitamtumia ujumbe jani likitoka.

"Mtani hadai kwa ujumbe," nikamjibu.

Alinisindikiza hadi barabarani kwa fimbo, akamwamuru kondakta anipe kiti cha mbele, akaukaza ule waya wa mama kwenye mpini wa mkoba wangu. Gari lilipoanza kuondoka alibaki pale kwenye vumbi la malori, ameziba mdomo kwa khanga, ananitazama aone kama nitasema asante. Sikusema. Nilitaka lishike.